Jina na Jinsi ya Mmea Uitwao Nil

Wako wasomaji ambao, wakikutana na jina Ipomoea nil katika kitabu cha mimea, hulikisia maana yake upesi. Aliyejifunza Kilatini hudhani kwamba ni ile nil ya Warumi, yaani "si kitu", akastaajabu kwa nini mmea mzuri namna hii uitwe si kitu. Mwingine hudhani umepewa jina la mto wa Misri. Wote wawili wamekosa njia, na Mswahili asiyejua Kilatini hata neno moja ndiye aliye karibu na kweli kuliko wao, kwa maana yeye analo neno nili kinywani mwake, akimaanisha ile rangi ya samawi iliyokolea ya kutilia nguo. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na shina lake la kale ni nila la Kisanskrit, ambalo maana yake ni rangi ya samawi au rangi yenye giza. Waarabu waliziita mbegu za mmea wetu habb an-nil, yaani punje za nili, kwa kuwa ua lake lafanana na rangi ile. Wala si kwamba mmea huu hutoa rangi, kwa maana nili ya kutilia nguo hutoka katika mmea mwingine kabisa, wa jamii ya kunde. Jina hilo likapita katika vitabu vya dawa, hata likafika Ulaya.

Basi twaona kwamba jina hilo lilishika jambo moja tu la mmea, yaani rangi ya ua. Rangi ya ua ndiyo ibadilikayo upesi kuliko yote katika mmea huu, na hapo ndipo taabu ilipoanzia. Tunaandika kwa ajili ya waalimu wanaowafundisha watoto kupanga mimea kwa aina zake, kwa maana mmea huu umewapoteza watu hodari kuliko sisi.

Kwanza tuueleze. Nil ni mmea wa msimu mmoja, wenye shina jembamba la manyoya, nao hupanda kwa kujizonga juu ya ua wa miti au juu ya mahindi. Ua lake ni mfano wa parapanda, halina petali zilizoachana. Hufunguka kabla ya jua kuchomoza, na jua likipanda hunyauka. Likiwa samawi asubuhi, huweza kugeuka kuwa jekundu-jekundu linaponyauka, hata mtu aliyeliona alfajiri na mtu aliyeliona saa nne watabishana juu ya mmea mmoja. Jani lake mara nyingi lina panda tatu, lakini lingine lina umbo la moyo lisilo na panda. Ndani ya tunda mna vyumba vitatu, na kwa kawaida kila chumba kina mbegu mbili, nyeusi, zenye pembe.

Msomaji asiyeufahamu na autazame shamba la viazi vitamu, kwa maana kiazi kitamu ni ndugu yake, wa jenasi iyo hiyo ya Ipomoea. Katika tuta moja huonekana matembele yaliyochanika kama vidole vya mkono, na katika tuta la pili matembele yenye umbo la moyo. Mkulima huzipa mbegu hizo majina mbalimbali, tena hujua ipi huiva mapema na ipi hustahimili ukame. Lakini hajatokea mkulima wa kusema kwamba yenye jani lililochanika ni kiazi na yenye jani zima si kiazi. Yeye ameipanda mwenyewe kwa kukata mizabibu yake, anajua ilikotoka. Mtaalamu aliyeketi Ulaya, akiletewa jani kavu lililobanwa katika karatasi, hakuwa na elimu hiyo ya kujua lilikotoka.

Wenye elimu ya mimea hupanga kwa ngazi: jamii kubwa, ndani yake jenasi, na ndani ya jenasi aina, ambayo siku hizi huitwa spishi. Tuseme neno moja juu ya jenasi, kwa kuwa wengine hulalamika kwamba ni neno geni. Jenasi ni genus ya Kilatini. Lakini jinsi yetu, lile neno tulisomalo katika Mwanzo 1 kila mmea unapotajwa, latoka katika jins ya Kiarabu, nayo jins Waarabu waliipata katika genos ya Kiyunani, ambayo ni ndugu wa genus. Kwa hiyo jinsi na jenasi ni wana wa nyumba moja waliokuja kwetu kwa njia mbili, mmoja kwa jahazi la Waarabu na mmoja kwa vitabu vya Wazungu.

Aliyeziweka imara ngazi hizi ni Linnaeus wa Sweden, katika kitabu chake cha mwaka 1753. Humo aliitaja jenasi Convolvulus, kutokana na neno la Kilatini la kujizonga, na jenasi Ipomoea, kutokana na maneno mawili ya Kiyunani, ips na homoios, maana yake "wenye mfano wa funza", kwa vile mmea unavyojinyonganyonga. Mmoja wa mimea aliyoitia katika Convolvulus aliuita hederaceus, yaani wenye jani mfano wa hedera, ule mmea wa Ulaya upandao kuta. Katika chapa ya pili ya kitabu chake, mwaka 1762, aliongeza majina mengine, na miongoni mwake Convolvulus purpureus na Convolvulus nil. Jina hili la mwisho lilisimama juu ya picha. Mwaka 1732 Dillenius, Mjerumani aliyekuja kuwa profesa wa mimea huko Oxford, alikuwa ametoa kitabu cha picha za mimea iliyopandwa katika bustani ya James Sherard huko Eltham, karibu na London, na mojawapo ya picha hizo ndiyo iliyowekwa kuwa ushahidi wa jina nil hata leo. Na picha ni nini? Ni uso wa mmea mmoja, wa bustani moja, siku moja.

Wachungaji hawatakosa kukumbuka kwamba hedera hiyo hiyo ilikwisha kuleta fitina kanisani zamani. Yeronimo alipofasiri kitabu cha Yona aliuita hedera ule mmea uliomfunika nabii kwa kivuli, mahali ambapo watu walikuwa wamezoea kusikia mboga ya jamii ya mamung'unya. Augustino alimwandikia mnamo mwaka 403 kwamba katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli ya Libya, waumini walifanya ghasia waliposomewa neno lile jipya, hata askofu wao nusura aachwe bila watu. Biblia yetu ya Union imeweka mtango, nasi hatujasikia ghasia.

Turudi kwa nil. Jani la panda tatu lilikuwa limewapa watu jina hederaceus, na ua la samawi lilikuwa limewapa nil, lakini mmea mmoja waweza kuwa na yote mawili pamoja. Kwa hiyo katika bustani na katika makabati ya mimea mikavu majina haya yalivukana mipaka miaka zaidi ya mia. Yule aitwaye leo Ipomoea hederacea ni mmea wa Amerika wenye ua dogo. Lakini vitabu vingi vya Asia na Afrika viliandika hederacea pale palipostahili kuandikwa nil.

Jenasi nayo haikutulia. Mwaka 1797 tabibu Mjerumani aitwaye Roth aliuhamisha mmea kutoka Convolvulus kwenda Ipomoea, kwa maana ile ncha ya kike ya ua, inayopokea chavua, haina nyuzi mbili nyembamba kama zile za Convolvulus, bali ni ya mviringo kama vichwa vidogo vilivyoshikamana. Hapo alifanya sawa. Kisha akaja Jacques Denys Choisy wa Geneva, ambaye alikuwa mchungaji wa kanisa na mwalimu wa falsafa, naye ndiye aliyeipanga jamii hii nzima kwa bidii kuliko wote wa wakati wake. Mwaka 1833 Choisy aliitenga nil katika jenasi mpya aliyoiita Pharbitis, kwa sababu nyumba yake ya mbegu ina vyumba vitatu, na Ipomoea nyingine zina viwili. Hatumdharau, alihesabu sawasawa, na vyumba vile ni vitatu kweli. Lakini kuhesabu vyumba si kuonyesha kwamba nyumba ni nyingine. Mwaka 1893 Hans Hallier alitazama chavua kwa darubini, akaona kwamba jamii hii yagawanyika pande mbili, wenye chavua laini na wenye chavua ya miiba, na kwamba Ipomoea na Pharbitis wako pamoja upande wa miiba. Tangu hapo jenasi ya Choisy ikaanza kupungua nguvu, ijapokuwa vitabu vya dawa vya Wachina na Wajapani vimeendelea kulitumia jina Pharbitis.

Wakati hao wa Ulaya walipokuwa wakibishana juu ya mimea mikavu, watu wengine walikuwa wakiujua mmea ule ule kwa njia nyingine, nao ni bustani wa Japani. Habari zao ndizo tunazopenda zaidi kuzieleza.

Wajapani waliupata mmea huu kutoka China zaidi ya miaka 1200 iliyopita, nao walizitaka mbegu zake kwa ajili ya dawa ya kuharisha. Wachina waliziita mbegu za mvuta ng'ombe, na husimuliwa kwamba mtu aliyeponywa nazo alimvuta ng'ombe wake hata mlangoni kwa mganga kutoa shukrani. Wajapani waliuita mmea wenyewe asagao, maana yake uso wa asubuhi, jina ambalo kwa uzuri lapita majina yote ya Kilatini. Kwa muda mrefu uso huo ulikuwa wa samawi tu. Baadaye wakatokea weupe, na katika mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, yakatokea mambo ya ajabu. Kati ya mwaka 1804 na 1830, na tena kati ya mwaka 1848 na 1860, watu walishikwa na shauku ya asagao hata wakashindana kuonyesha mimea isiyofanana na mama zao: maua yaliyopasuka kama nyuzi, maua ya tabaka juu ya tabaka, maua ya kahawia, majani membamba kama ya mwereka, mashina bapa, mashina yasiyoweza kupanda kabisa bali yananing'inia. Askari wa vyeo vya chini, ambao mshahara wao haukuwatosha, walipanda asagao viwanjani kwao wauze. Mwaka 1854 kilitolewa kitabu cha picha za maua 36 ya namna hiyo, na mtu akikifungua bila kuambiwa, ataapa kwamba ana aina 36 mbele yake, na nyingine hata hatazidhania kuwa za jamii moja.

Bustani hao nao walikuwa na mapango yao. Kila mmea walioupenda waliupa jina refu, wakitaja kwanza rangi ya jani, kisha umbo la jani, kisha rangi ya ua na namna lilivyokunjuka, neno juu ya neno, kama mtu atajavyo sifa za ng'ombe wake. Lakini hawakudanganyika na majina yao wenyewe. Walijua kwamba hayo yote ni asagao, kwa sababu walijua kila mmoja umezaliwa na nani.

Tena walikuwa na shida iliyowalazimu kujua. Maua yale mazuri mno mengi yalikuwa tasa, kwa maana mahali pa viungo vya uzazi pamegeuka kuwa petali, na ua lisilo na chavua wala nyumba ya mbegu halizai. Basi mtu atapataje tena mwakani ua ambalo halikuacha mbegu? Waligundua kwamba siri imo kwa ndugu zake. Miongoni mwa mimea iliyozaliwa tumbo moja na ule tasa, imo yenye uso wa kawaida kabisa, ambayo mbegu zake zikipandwa huleta tena wachache wa uso ule wa ajabu. Kwa hiyo walizitunza mbegu za kila mmea mbali na za mwenzake, wakazipanda kwa wingi, na miche ilipotoa majani yake mawili ya kwanza waliyatazama umbo lake, wakajua upi ni wa kutunzwa kwa ua na upi wa kuwekwa kwa uzao. Hayo waliyafanya kabla mtawa Gregor Mendel hajasoma habari za mbaazi zake ndogo za Ulaya mbele ya wasomi wa Brno mwaka 1865, na kabla ulimwengu haujamsikia, mwaka 1900. Hawakuandika kanuni ya moja kwa nne, lakini waliishi kwayo.

Katika miaka ya 1920 na 1930 wataalamu wa Kijapani, na hasa Yoshitaka Imai, walizichukua nyuso hizo moja moja wakazipima kwa kanuni za Mendel, hata mmea huu ukawa miongoni mwa mimea ijulikanayo zaidi kwa habari za urithi. Mwaka 1994 ilionekana kwamba baadhi ya madoadoa ya ua yaletwa na kipande cha urithi kihamacho, kiitwacho Tpn1, ambacho hujipenyeza katika jeni na kuizima, na kikitoka rangi hurudi. Mwaka 2016 urithi wote wa nil ulisomwa na kuchapishwa, ukahesabiwa kuwa na jeni 42,783, na vipande vya kundi la Tpn1 vikathibitika kuwa ndivyo vilivyosababisha sehemu kubwa ya nyuso za Edo. Yaani mabadiliko yale yote, ambayo mtu wa kabati angaliyatungia majina ya Kilatini, yametokana na wachache wasiotulia ndani ya nyumba moja.

Kwetu Afrika ya Mashariki jamii hii ilipangwa na Bernard Verdcourt katika kitabu cha mwaka 1963, naye alikuwa Nairobi, aliiona mimea ikiwa hai. Mwalimu apendaye kuitambua nil na asianze na ua wala jani. Ashike kile kikombe kidogo cha kijani chini ya ua, chenye vijani vitano. Vijani vya nil ni virefu na vyembamba, vinachongoka polepole hata ncha, na chini vina manyoya magumu yaliyosimama. Vya hederacea hupana chini kisha hukonda ghafula, na ncha zake hupinda kwa nje. Vya purpurea ni vifupi zaidi wala havina mkia mrefu. Na ule mmea mwingine wa bustani, indica, huishi miaka mingi, na manyoya ya vijani vyake, kama yapo, hulala. Hivi ni vitu vidogo visivyopendeza macho, wala hapana mshairi atakayevisifu, lakini havikubadilika ovyo wakati rangi na jani vilipobadilika.

Kuhusu mipaka ya jenasi, mashauri hayajesha. Uchunguzi wa urithi umeonyesha kwamba jenasi nyingine zenye chavua ya miiba, kama Stictocardia na Astripomoea zilizoko hata kwetu, zimezaliwa katikati ya Ipomoea. Katika kitabu kikubwa cha mwaka 2020 juu ya Ipomoea za Amerika, chenye aina 425, watungaji wake walipendelea kuzihesabu zote kuwa Ipomoea moja kubwa. Wengine hawapendi kuyapoteza majina ya zamani. Sisi twaelekea kwa wale wa kwanza. Pia jamaa wa karibu wa nil, kama hederacea na purpurea, ni wa Amerika, nayo yenyewe huhesabiwa na wengi kuwa ya huko. Lakini mbegu zake zilikuwa dawa China karne nyingi kabla ya Columbus kusafiri mwaka 1492, na jambo hilo lingali likiwashughulisha wenye elimu.

Limesalia jambo la mbegu. Mbegu za nil zina utomvu mkali unaoharisha kwa nguvu, hata mtu dhaifu na mtoto huweza kudhurika vibaya. Katika India zimeuzwa kwa jina la kaladana, na ukilifasiri neno hilo kwa Kiswahili utapata "punje nyeusi". Sasa sisi tunayo punje nyeusi nyingine, habasoda, ambayo kwa Kiarabu maana yake ni hiyo hiyo, nayo huliwa katika mikate na kunywewa kwa mafua bila hofu. Jina limekuwa moja, na vitu ni viwili. Mwenye kuuziwa punje nyeusi na azimimine kiganjani: za habasoda ni ndogo, hazifiki nusu ya punje ya mtama kwa unene, na ukizisugua hutoa harufu ya kiungo, za nil ni kubwa zaidi, kila moja ina mgongo wa mviringo na pande mbili bapa kama kipande cha chungwa, wala hazinuki kitu.